Mbao bila daftari huishia kuwa kuni

Na MWANDISHI WETU

MBAO 3 za urefu wa futi 12 ni futi 36. Mbao 2 za kusimama za futi 6 kila mmoja, ukijumlisha na rafu 8 za futi 3, nazo ni futi 36. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la tatu anaimudu. Ndiyo maana Jumamosi ile jioni, fundi aliponiarifu kwamba mbao zimekwisha na rafu 3 bado hazijapatikana, niliamua papo hapo kwamba nimeibiwa.

Tulikuwa tumezisubiri rafu hizo kwa muda mrefu. Nyumba yetu ni ya kupanga, vyumba 2 mtaani Umoja, Nairobi. Vitabu vya watoto vilikaa ndani ya makatoni chini ya kitanda, na haikupita wiki bila mmoja wao kuchelewa shuleni kwa kutafuta daftari. Mimi na mke wangu tuliweka akiba kidogo kidogo, kisha nikaenda kununua mbao za saipresi za inchi 10 kwa 1. Rafu 6 zingekuwa za vitabu sebuleni, na 2 zingepachikwa ukutani jikoni. Kazi nilimpa fundi mmoja wa Gikomba ambaye majirani wengi katika ploti yetu walimjua na kumwamini.

“Fundi, mbao zangu nyingine ziko wapi?” nilimwuliza.

“Mzee, mbao ni hizi unazoziona,” alijibu, akinionyesha vipande 3 vilivyoegemea ukuta. “Kila kipande kimepungukiwa na kama inchi moja na robo. Ukikubali, tupunguze rafu zote ziwe inchi 34 na nusu. Kazi itakwisha leo leo, na hutanunua ubao mwingine.”

Nilimtazama kwa dharau. Niliona anataka kuficha makosa yake kwa kuniharibia kazi yote. “Nilikuambia futi 3,” nikamjibu. “Futi 3 ni futi 3.”

Nilimlipa nusu ya ujira tuliopatana. Alifunga vyombo vyake kimya kimya akaondoka. Siku zilizofuata sikunyamaza. Niliwaambia majirani wajihadhari na fundi huyo, na katika ploti habari ya namna hiyo haihitaji miguu. Mama mmoja aliyekuwa ameahidi kumpa kazi ya kabati alibadilisha nia. Mimi nikanunua ubao wa 4, nikamwita fundi mwingine, nikasimama juu ya kichwa chake tangu mwanzo hadi mwisho. Alinikatia rafu 3 zilizokosekana na kuondoka.

Majuto ni mjukuu, na kwangu mimi yaliletwa na binti yangu, wakati huo akiwa kidato cha pili. Alikuwa akifagia chini ya kitanda akavikuta vipande vilivyobaki. Vilikuwa 4: vile 3 vya fundi wa kwanza, na kimoja cha fundi wa pili. Alivipima kwa rula yake ya shule, akaandika nyuma ya daftari, kisha akaniita.

“Baba, hivi vipande vinalingana karibu vyote,” alisema. “Huyu fundi wa pili ulimsimamia mwenyewe. Naye aliiba saa ngapi?”

Sikuwa na jibu.

Msumeno nao hula

Binti yangu alikuwa ameandika hivi. Ubao wa futi 12 ni inchi 144. Ncha zake mbili zilikuwa na nyufa, kwa hiyo fundi alikata nusu inchi kila upande. Hiyo ni inchi 1. Kutoka kwa ubao wa kwanza alitoa mbao ya kusimama ya inchi 72 na rafu ya inchi 36. Kila mara msumeno ulipopita uligeuza mbao kuwa unga, upana wa karibu sehemu moja kwa nane ya inchi, yaani milimita 3 hivi. Ulipita mara mbili, ukala robo inchi. Kilichobaki kilikuwa inchi 34 na robo tatu.

Jumlisha mwenyewe, msomaji: 72, na 36, na 34 na robo tatu, na 1, na robo. Jibu ni 144 kamili.

“Hakuna hata inchi moja iliyopotea,” binti yangu alisema.

Ubao wa pili ulikuwa na hadithi ile ile. Wa tatu ulitoa rafu 3 na kipande kifupi, na hata ule wa 4, niliousimamia mwenyewe, ulifanya hivyo hivyo. Kosa halikuwa la msumeno wala la fundi. Lilikuwa langu mimi niliyepiga hesabu kana kwamba mbao hukatwa kwa wembe usio na unene, na kana kwamba kila ubao hutoka dukani ukiwa safi tangu ncha hadi ncha.

Lililoniuma zaidi lilikuwa hesabu ya pili aliyoifanya. Kama rafu zangu zingekuwa za inchi 35 na nusu badala ya 36, rafu 4 zingetoka katika kila ubao. Mara 4 kwa 35 na nusu ni 142. Ongeza msumeno kupita mara 3 na ile inchi ya ncha, unapata pungufu kidogo ya inchi 143 na nusu. Kadhalika, mbao za kusimama zingekuwa za inchi 71 badala ya 72, zote 2 zingetoka katika ubao mmoja. Mbao 3 zingetosha kazi nzima. Mimi nilinunua 4.

Kwa maneno mengine, kila mbao 4 nilizolipia, mmoja ulikwenda bure kwa sababu ya nusu inchi. Tuseme, ili kurahisisha hesabu, kwamba futi moja ni shilingi 100. Nusu inchi hiyo ilinigharimu shilingi 1,200. Sijataja bado gharama ya jina la mtu.

Somo la kipande cha katoni

Jumatatu yake nilipanda matatu hadi Gikomba. Nilimkuta fundi akipiga randa, maranda yamemfika vifundoni. Nilimpa ile nusu ya ujira niliyokuwa nimeizuia, nikamweleza nilivyokosea, na nikamwahidi kwamba nitarudi kwa majirani mmoja mmoja. Alizihesabu pesa, akazitia mfukoni, kisha akaendelea na randa yake kwa muda kabla ya kusema lolote.

“Mzee,” alisema hatimaye, “mteja hupima kwa futi. Sisi hupima kwa futi na msumeno. Siku nyingine njoo kabla hujanunua mbao.”

Aliokota kipande cha katoni, akachomoa penseli iliyokuwa juu ya sikio, na kunionyesha jinsi kazi ya rafu inavyostahili kupangwa. Nayaandika hapa ili familia nyingine isije ikagombana na fundi wake kwa kosa kama langu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mbao nazo ni mali.

Kwanza, andika orodha ya vipande vyote kabla ya kwenda dukani. Kila kipande kiwe na jina lake, urefu, upana na idadi: mbao za kusimama 2, rafu 8, na kadhalika. Usisahau vipande vidogo, mathalan vijiti vya kushikilia rafu na ubao mwembamba wa mgongoni. Aghalabu hivi ndivyo humrudisha mtu dukani.

Pili, kumbuka unene wa mbao. Rafu ikikaa katikati ya mbao 2 za kusimama zenye unene wa inchi 1 kila mmoja, upana wa fenicha yote ni urefu wa rafu ukiongeza inchi 2. Rafu ya inchi 35 na nusu huleta fenicha ya inchi 37 na nusu. Pima ukuta wako ukijua hivyo.

Tatu, ulizia dukani ni mbao za urefu gani zilizopo. Mbao zetu huuzwa kwa futi, na hazitoki zote kwa urefu mmoja. Pengine utapata za futi 8, 10, 12 au 14. Mtu anayehitaji rafu 3 za inchi 35 na nusu anapata zote katika ubao wa futi 9, au katika wa futi 10 akikosa huo. Akinunua wa futi 8 atapata 2 na kipande cha kuota moto.

Nne, chora kila ubao kama mstari mrefu, uugawe kwa vipande vyako. Toa inchi 1 kwa ajili ya ncha. Toa sehemu moja kwa nane ya inchi kwa kila mahali msumeno utakapopita. Mchoro huo ndio daftari la mbao. Usikate chochote hadi kila kipande katika orodha kimepata mahali pake katika mchoro.

Ubao kwanza, rafu baadaye

Wengi wetu huamua vipimo vichwani, kisha tunatafuta mbao za kuvitosheleza. Mafundi wazoefu hufanya kinyume. Wao huuliza ubao una urefu gani, kisha wanauliza rafu iwe na urefu gani ili ubao uishe bila kubakisha. Kwa nini rafu ya vitabu iwe futi 3 kamili? Hakuna kitabu kitakacholalamika kikikaa katika inchi 35 na nusu.

Hekima hii si ngeni kwetu. Ukitembelea Mji wa Kale wa Lamu, ambao mwaka wa 2001 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, utaona kwamba vyumba vya nyumba za kale za mawe ni virefu lakini vyembamba. Upana wake kwa kawaida ni kati ya mita 2 na nusu na mita 3. Sababu yake ni boriti. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo zina kikomo cha umbali zinaoweza kuvuka zikiwa zimebeba uzito wa dari ya mawe. Wajenzi wa Pwani hawakuchora chumba kipana kisha wakailaumu mikoko. Walianza na boriti, chumba kikaifuata.

Na pale walipotaka mahali pa kuweka vyombo na vitabu, walijenga zidaka, yaani vile vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu ukutani. Hizo ni rafu zisizohitaji hata futi moja ya mbao.

Kufuata ubao kuna faida nyingine. Rafu fupi huinama kidogo kuliko ndefu, na tofauti yake ni kubwa kuliko mtu anavyodhani. Ukiwa na rafu 2 za mbao zenye unene sawa, zote zimejazwa vitabu, ile yenye nusu ya urefu wa mwenzake huinama mara 16 kidogo. Ubao wa futi 12 ukigawanywa kwa rafu 5 za inchi 28 badala ya 4 za inchi 35 na nusu, kila rafu itainama chini ya nusu ya kiasi ambacho ile ndefu ingeinama. Mwenye kamusi na vitabu vizito vya marejeo na alifikirie hilo. Akitaka rafu ndefu, basi aipigilie kijiti imara chini ya ukingo wa nyuma. Kijiti hicho kitoke katika mabaki, wala kisinunuliwe.

Ndefu kwanza, lakini si kila mara

Utapangaje vipande vya urefu mbalimbali katika mbao chache? Kanuni ya mafundi ni kutafutia vipande virefu mahali kwanza, kisha kujaza nafasi zinazobaki kwa vifupi. Ni kanuni nzuri, kwani kipande kirefu hakiwezi kutoka katika mabaki, lakini kifupi kinaweza. Anayeanza na vifupi hujikuta jioni ana mabaki mengi na hana mbao ya kusimama.

Hata hivyo, kanuni hii si sheria ya Mungu. Hii hapa chemshabongo kwa wanafunzi. Una mbao 2 za futi 10, yaani inchi 120 kila mmoja. Unahitaji vipande 2 vya inchi 47 na vipande 4 vya inchi 35. Ukifuata kanuni ya ndefu kwanza bila kufikiri, utaweka vile vya 47 pamoja katika ubao wa kwanza, utapata 3 vya 35 katika ubao wa pili, na kipande cha mwisho kitakurudisha dukani. Lakini mbao 2 zinatosha. Vipi? Jibu liko mwisho wa makala haya, ila jaribu kwanza.

Usidhani huu ni mchezo wa watoto. Mwaka wa 1938, mjini Leningrad, maabara ya shirika la plaiwudi ilimwendea mwanahisabati kijana aitwaye Leonid Kantorovich. Ilitaka kujua jinsi ya kuzigawia kazi mashine zake za kumenya magogo ili zitoe mazao mengi zaidi. Kantorovich aliona kwamba swali hilo lina ndugu zake katika viwanda vingi, likiwamo swali la kukata malighafi bila kuacha mabaki mengi. Mwaka wa 1939 alitoa kijitabu kilichoeleza njia zake za hesabu. Mwaka wa 1975 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Kabla ya hapo, mwaka wa 1961, wanahisabati Paul Gilmore na Ralph Gomory waliokuwa katika kampuni ya IBM walichapisha njia mashuhuri ya kupanga ukataji kwa kompyuta.

Vipande vikiwa vichache, penseli na kipande cha katoni vinatosha. Jaribu mipango 2 au 3 tofauti kabla ya kuchagua. Karatasi haigharimu chochote ukikosea.

Plaiwudi ina hila zake

Kipande kizima cha plaiwudi ni futi 8 kwa 4, yaani inchi 96 kwa 48. Hapa mtego ni ule ule, ila unauma pande mbili. Tuseme unataka rafu zenye upana wa inchi 12 na urefu wa inchi 32. Kwa hesabu ya kichwani, 48 kugawanya kwa 12 ni 4, na 96 kugawanya kwa 32 ni 3. Unatarajia rafu 12.

Msumeno ukishapita, upana utakupa vipande 3 vilivyotimia na cha nne kilichopungua. Urefu nao utakupa 2 vilivyotimia na cha tatu kilichopungua. Rafu kamili zitakuwa 6 tu. Lakini ukikubali upana wa inchi 11 na robo tatu, na urefu wa inchi 31 na robo tatu, utapata rafu zote 12 katika kipande kile kile. Robo inchi huku na robo inchi kule ndiyo tofauti ya plaiwudi moja au mbili.

Anza na mikato ya urefu wote wa futi 8, upate vipande virefu vyembamba, ndipo uvikate kwa mapana. Angalia pia mistari ya mbao iliyo juu ya plaiwudi. Mistari hiyo iende sambamba na urefu wa rafu, kwani upande huo ndio wenye nguvu. Kama duka lina mashine ya kukata, peleka mchoro wako nao waufuate. Mwulize mwenye mashine upana wa meno yake kabla hajaiwasha.

Soma ubao kabla ya kuukata

Mchoro wa karatasini hauna macho ya mbao wala nyufa. Ubao wa kweli unavyo. Ulaze chini, uugeuze pande zote, utie alama ya chaki kila penye kasoro. Kisha panga vipande ili kasoro iangukie penye mkato, au katika kipande kisichobeba mzigo. Jicho la mbao katikati ya rafu ya vitabu ni ugonjwa, lakini katika kipande kifupi cha mgongoni halidhuru.

Isitoshe, tahadhari na mbao mbichi. Saipresi nyingi huuzwa ikiwa bado na maji. Mbao ikikauka husinyaa upana na unene, ilhali urefu wake haubadiliki sana. Ncha zake nazo hupasuka. Kwa hiyo ukikata rafu zikiwa mbichi ili zibane sawasawa, baada ya miezi michache utaona mianya. Ni heri kuzipanga mbao kivulini, ukiweka vijiti katikati ya moja na nyingine ili hewa ipite, na kuzikata zikishakauka. Nyufa za ncha zikitokea, zitokee kabla hujapima.

Mwisho, usipime vipande vyote kwa pamoja na kuvitia alama kabla ya kuanza kukata. Ukifanya hivyo unasahau unene wa msumeno, na vipande vitatoka vifupi kuliko ulivyokusudia. Pima kimoja, kata, kisha pima kinachofuata. Rafu ya kwanza ikishakuwa sawa, itumie yenyewe kupimia zilizobaki badala ya utepe. Fundi wangu huandika nambari juu ya kila kipande kwa penseli, ili cha jikoni kisije kikaenda sebuleni.

Mti haungoji

Pengine msomaji atauliza, ubao mmoja una nini hata tuandikiwe makala nzima? Saipresi, ambayo asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, ndiyo mti mkuu wa mbao katika mashamba ya misitu ya serikali nchini Kenya. Mti wa kupasuliwa mbao nzuri huachwa ukue kwa miaka 25 au zaidi. Mtoto aliyezaliwa siku mche ulipopandwa huwa amemaliza shule na kuanza kazi kabla mti huo haujawa rafu.

Tuliona pia jinsi mbao zinavyoweza kuadimika. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Bei zikapanda, na wafanyabiashara wakazidi kutegemea miti ya mashambani kwa watu binafsi na mbao za kutoka nchi jirani. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa marufuku hiyo, na mjadala ukazuka upya kati ya wenye viwanda vya mbao na watetezi wa mazingira. Mjadala huo ni mkubwa kuliko sebule yangu. Lakini ubao ambao haukununuliwa bure ni sehemu ya mti ambao haukuangushwa bure, na hilo liko katika uwezo wa kila nyumba.

Mabaki ni ya nani?

Jambo la mwisho ndilo lililonigombanisha na fundi, ingawa wakati huo sikulitambua. Katika kazi nyingi, fundi huondoka na mabaki, naye mwenye nyumba hubaki na shaka. Heri mpatane mapema. Orodha ya vipande ikiwa imeandikwa, na mchoro umeonekana na wote wawili, kila mtu anajua mabaki yatakuwa mangapi na ya urefu gani. Mteja hana sababu ya kunung’unika, na fundi hana haja ya kujitetea. Karatasi moja huwalinda wote wawili.

Niliporudi mtaani nilitimiza ahadi yangu. Haikuwa rahisi. Kumchafulia mtu jina kulinichukua jioni moja. Kulisafisha kulinichukua majuma kadhaa, na nyumba kwa nyumba ilinibidi nianze kwa kusema kwamba mimi ndiye niliyekosea hesabu. Yule mama wa kabati alinisikiliza hadi mwisho, akanitazama kwa muda, kisha akaniomba nimwitie fundi.

Siku aliyokuja kupima kabati hilo, fundi alipitia kwetu. Binti yangu alimtolea vile vipande 4 vilivyokuwa chini ya kitanda. Fundi hakushika msumeno. Aliketi kwanza, akachora kwenye katoni: vipande 3 vitoe rafu za inchi 34 na nusu, na cha nne kikatwe katikati kitoe mbao 2 za kusimama za inchi 17. Baada ya muda si mrefu rafu ya viatu ilikuwa imesimama mlangoni, na sakafuni hakukubaki kitu ila vijipande vya kucha na unga wa msumeno.

“Huo unga nao ni wa nani?” binti yangu alimwuliza.

“Huo ni wa msumeno,” fundi alijibu. “Umeufanyia kazi.”

JIBU LA CHEMSHABONGO: Katika kila ubao, toa kipande 1 cha inchi 47 na vipande 2 vya inchi 35. Jumla ni inchi 117. Msumeno ukipita kati yake mara 2 unakula robo inchi, na bado una zaidi ya inchi 2 na nusu za kusafishia ncha.